Kuvuta umeme wa muda mpaka banda la vifaranga, kwa sisi wa huku kwenye baridi

Mwezi wa sita ndo umeingia, na najua kuna mtu Uyole au Mafinga huko sa hivi ana maboksi mawili ya vifaranga sebuleni yanalia na yeye anazunguka ndani anatafuta ekstensheni, maana banda lipo nyuma ya nyumba meta thelathini na huko hakuna hata taa. Naandika kwa ajili yake, na kwa mtu yeyote anayetaka kupeleka umeme wa wiki mbili tatu kwenye stoo, karakana au jiko la nje. Mimi sio fundi umeme, ni mfugaji tu niliyeunguza vitu, alafu nikakaa na fundi mwenye leseni akanielewesha taratibu mpaka nikaelewa.

Kwanza tukubaliane hapa ni umeme wa muda, yaani waya unaochomeka kwenye soketi iliyopo ndani ya nyumba na siku ukimaliza unachomoa unakunja. Ukitaka kuchukua umeme kwenye meni swichi, au kuchimbia waya ardhini ukae miaka, hiyo sio kazi ya maelezo ya kusoma kwenye simu, hiyo anaifanya fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, na mita ya LUKU na lakiri zake usiziguse kabisa hata kama jirani kakwambia ni rahisi.

Anza na kalamu kabla ya bisibisi. Andika vitu vyote vitakavyokuwa bandani na wati zake. Mimi vifaranga 200, taa za joto mbili za wati 250, jumla 500. Umeme wetu ni volti 230, kwaiyo gawanya wati kwa 230 unapata ampia: 500 kwa 230 ni kama 2.2, mzigo mdogo tu, hata soketi ya kawaida haishtuki. Shida inaanza pale mama mdogo anapoona baridi imezidi anapeleka na hita ya wati 2000, hapo tayari una wati 2500, karibu ampia 11, na waya ule ule uliokuwa unapumua vizuri sasa unachemka. Kwaiyo sheria ya kwangu ya banda ni taa tu, hita hapana, jagi la kuchemshia maji ya vifaranga hapana, maji yanachemshiwa ndani na yanabebwa. Na kabla hujalipa hela ya vifaranga piga na hesabu ya uniti: taa mbili masaa 12 kwa usiku ni uniti 6, siku 14 ni uniti 84, na kama uko kwenye D1 ya watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi basi ushapita hapo kabla hata hujawasha taa ya sebuleni.

Sasa jambo ambalo ningekaa nalo muda mrefu hata kama mengine yote utayaruka. Watu wengi wanaamini ukiwa na breka kwenye nyumba uko salama. Breka inalinda waya, wewe haikujui. Breka ya ampia 16 inasubiri mpaka umeme upite zaidi ya 16 ndo ikate, lakini moyo wa mtu unavurugwa na umeme mdogo sana, sehemu chache tu za mia za ampia moja, kwaiyo unaweza ukawa umeng'ang'ania pale unatetemeka na breka imetulia kimya inaona kama kuna kataa kadogo tu kamewashwa. Kinachokulinda wewe ni RCD, mafundi wengine wanaiita ethi likeji. Yenyewe inapima umeme unaotoka na umeme unaorudi, vikitofautiana tu inajua kuna unakovujia pengine, kwenye bati, kwenye udongo au kwenye mwili wako, na inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Nimeshaona kwa macho. Jirani alivuta waya kwenda banda la nguruwe, kiungo kimoja kikawa kimelalia ukingo wa bati. Siku nyingi hakuna kitu. Asubuhi moja umande umejaa, mama kaenda pekupeku kufungua mlango wa bati, mkono ukagoma kuachia. Bahati kijana alikuwa jikoni kasikia kelele akakimbilia meni swichi akazima. Breka haikushuka hata moja. Mama alipona, ila mpaka leo huo mlango anaufungulia na fimbo.

Kwaiyo ukienda dukani, maduka ya vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, Mbeya, yamejaa, uliza RCD ya miliampia 30. Usomee mwenyewe, imeandikwa 30mA au 0.03A. Zipo za 100 na 300, hizo zimekaa zaidi kwa ajili ya kuzuia moto, kwa mtu ni kubwa mno. Na usikubali kupewa kile kiboksi cha kulindia friji, nacho kinachomekwa na kina vitaa vyake vizuri, lakini kinaangalia umeme ukipanda na kushuka, habari ya wewe kupigwa shoti hakina. Zipo RCD za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi, ukikosa mwambie fundi akufungie kiboksi kidogo cha plastiki chenye RCD, breka ya ampia 10 na soketi, kina plagi yake. Mimi ninacho hicho, nakiita bima.

Na kikae upande wa NYUMBA, sio bandani. Watu wanakosea hapa. Ukikiweka bandani kinalinda kilichopo mbele yake tu, ile meta thelathini yote ya waya unaopita kwenye umande na mbwa na majembe haina mlinzi. Kila kabla ya kuwasha bonyeza kile kitufe cha T, cha kuijaribu, ikate, isipokata usiitumie. Na ikikata yenyewe usiku wa mvua usianze kuirudisha rudisha kama mtu anayewasha pikipiki ya zamani, kuna kitu kinavuja, chomoa vyote kisha rudisha kimoja kimoja mpaka umjue mwizi. Ila nayo sio Mungu, ukishika layini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja huku umesimama pakavu yenyewe inaona umeme umetoka na umerudi sawasawa, haikati.

Ethi nayo usiisahau, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za zamani soketi zina matundu matatu ila hilo la ethi halijaunganishwa popote, au fimbo ya ethi ipo na udongo wa kiangazi umekauka ukaiacha. Testa ya bisibisi haiwezi kukwambia kama ethi inafanya kazi. Mwite fundi aipime na kipimo chake, ni kazi fupi.

Sasa waya. Unataka waya laini wenye nyuzi tatu ndani, layini, nyutro na ethi, wenye koti nene la raba, unene ule unaoandikwa 1.5mm². Ule mwembamba wa 0.75 ambao ndo umejaa kwenye ekstensheni za bei rahisi unabeba kama ampia 6, na ukiwa mrefu unapoteza umeme njiani: kwenye meta 40 ukivuta ampia 10 unafika bandani umepungukiwa volti karibu 25, wakati ule wa 1.5 unapoteza kama 12. Kwa taa mbili tu tofauti huioni, lakini mimi nanunua 1.5 kwa sababu namjua mama mdogo na hita yake. Waya bapa mgumu wa kupigilia ukutani usiutumie kwa kazi hii, shaba yake ni uzi mmoja mnene mzima, ukiikunja na kuikunjua inakatika ndani na nje unaona mzima. Na ule wa nyuzi mbili uliosokotwa kama nywele za mtoto hauna hata ethi, waachie watu wa redio.

Kama unatumia ile rola ya kuzungushia waya, ikunjue YOTE. Banda liko meta 28, rola ina 50, basi toa zote 50 hata kama nyingine zitalala sakafuni kwenye stoo zimetawanyika. Hapa ndo mimi niliungua. Nilitoa 28 nikaacha zilizobaki kwenye rola nyuma ya mlango, usiku hita ikaingia bila mimi kujua, saa nane nikaamka nasikia harufu kama dagaa wanaungua, nikadhani mtu kaacha sufuria jikoni. Nikafuata pua mpaka stoo. Rola ilikuwa ya moto huwezi kuigusa, na kesho yake nilipoipasua koti za waya zilikuwa zimegandana safu kwa safu kama chapati zilizofunikwa zikiwa za moto. Waya uliokunjwa joto halina pa kutokea. Na rola zenyewe zimeandikwa ubavuni namba mbili za wati, ndogo ni ikiwa imekunjwa na kubwa ni ikiwa imekunjuliwa, sijui kwanini hatusomagi. Ile harufu ya dagaa ikumbuke pia, plastiki ya soketi ikichemka inanuka hivo hivo, ukiisikia ndani na hujapika zima kwanza alafu ndo utafute.

Viungo: usiwe navyo. Waya mmoja mzima kutoka nyumbani mpaka bandani. Kama hauna budi, unga kwa plagi na soketi zile za bluu za ampia 16 zenye kifuniko, zinazuia maji ya kurukaruka, tafuta zilizoandikwa IP44, na ziinue zisilale chini. Kusokota nyuzi na kuzungushia tepu nyeusi hata uzungushe mpaka ifanane na embe haifai nje, maji yanaingia taratibu na hayatoki. Alafu kuna waya mmoja hata kwa dakika tano usiutengeneze, ule wenye plagi za kiume pande zote mbili, ambao watu wanautumia kurudisha umeme wa jenereta ndani ya nyumba. Upande mmoja ukiwa umechomekwa ule mwingine meno yake yana umeme tayari, na jenereta yako inaweza kupeleka umeme mpaka kwenye laini za nje zikamkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo anaamini umekatika.

Njia ya kupita. Juu ni bora kuliko chini. Chini kuna jembe, kuna mbuzi, kuna mtoto anayechoma majani, na kuna panya. Funga waya wa chuma mwembamba kutoka ukutani mpaka kwenye mrunda wa bandani, uvute ukaze, alafu kebo yako uifunge kwenye huo waya wa chuma kila nusu meta, ili uzito ubebwe na chuma na sio na shaba. Kimo cha meta tatu kwa pale wanapopita watu na mizigo kichwani, na kama kirikuu inaingia kuleta chakula cha kuku basi usipitishe kabisa njia hiyo, zunguka. Usiupitishe juu ya seng'enge, usiupigilie kwa misumari, na pale unapoingia kwenye bati pitisha ndani ya kipande cha bomba la PVC, ukingo wa bati ni kisu. Kabla haujaingia ndani uache ushuke tumbo kidogo chini ya tundu, maji ya mvua yatatiririkia hapo yadondoke, la sivyo yataufuata waya mpaka kwenye soketi. Kutoka nyumbani usiubane kwenye dirisha la grili wala kupitisha chini ya mlango.

Bandani soketi inakaa kwenye kipande cha ubao, usawa wa kifua, mbali na ndoo za maji, ndani ya boksi lenye mfuniko wa kuzuia maji na vumbi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019 lakini kwenye soketi za mabanda ya watu bado naionaga imefungwa na kamba, na huo mfuko unakusanya mvuke na joto ndani yake, ni afadhali soketi ikae wazi pakavu. Kwenye plagi ya taa toa fyuzi ya ampia 13 weka ya 3, inatosha mpaka wati kama 700, na kitu kikiharibika inaungua yenyewe mapema badala ya kusubiri.

Taa yenyewe sasa, maana banda la mabanzi lenye maranda chini ni kibiriti kilichofunguliwa. Taa ya wati 250 inataka holda ya udongo wa kauri, ile ya plastiki inayeyuka na taa inadondoka. Iwe na wavu mbele. Ining'inize kwa mnyororo au waya wa chuma, sio kwa waya wake wa umeme, na weka na mnyororo wa pili wa akiba uliofungwa sehemu nyingine kabisa, kwasababu mabanda mengi yanayoungua ni taa iliyoshuka kwenye maranda usiku watu wamelala. Urefu anza na kama sentimita 45 kutoka kwenye maranda, alafu waangalie vifaranga wenyewe: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni joto limewazidi. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, kila wiki unapunguza kama 3, na huku kwetu mwezi wa saba usiku unavyouma jiandae kuwa umeme wako wa wiki mbili utakuwa wa wiki nne. Tone la maji kwenye taa ya moto linaipasua, kwaiyo chombo cha maji na bati linalovuja vikae mbali nayo. Futa vumbi na manyoya kila siku mbili, taa ikiwa imezimwa na imepoa.

Usilete vifaranga siku hiyo hiyo. Washa kila kitu saa kumi na mbili jioni bandani hakuna hata kifaranga mmoja, na saa tatu pita na mkono: RCD kwanza ibonyeze ikate, uwashe tena, alafu gusa plagi ya nyumbani kwa mgongo wa kiganja, pita juu ya waya mpaka unapofika, gusa boksi la bandani. Vuguvugu kidogo sawa. Ukishtuka ukatoa mkono kwa moto, zima, hapo pana plagi iliyolegea au mzigo mkubwa. Ndani ya plagi hakikisha skrubu zimekaza, koti la nje la waya limebanwa na kile kibano, na uzi wa ethi umeachwa mrefu kuliko wenzake ili waya ukivutwa huo uwe wa mwisho kuchomoka. Rudia kugusa saa sita usiku. Ndio, na hiyo baridi, vaa koti.

Umeme ukikatika, na utakatika, watu wanaingiza jiko la mkaa. Nami nafanya, ila naliwasha nje mpaka likolee kabisa, naliweka juu ya matofali ndani ya wigo wa bati mbali na maranda, na upepo naacha upite juu ya ukuta. Hata mkaa uliokolea bila moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwaiyo usilale humo kulinda vifaranga ukafunga mlango. Na kabla ya kuondoka zima swichi za taa, umeme ukirudi saa tisa usiku usikute taa imewaka juu ya kitu ulichokisogeza gizani.

Mtu akinaswa, usimshike. Kimbia uzime meni swichi au uchomoe plagi nyumbani, kama huwezi msukume na mti mkavu umesimama juu ya ubao mkavu, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua huku mwingine anatafuta gari la kwenda hospitali. Moto ukianza, zima umeme kwanza, mimi nina ndoo mbili za mchanga mlangoni, maji usimwage mpaka uwe na uhakika umeme umekatwa, na Zimamoto ni 114. Hizi habari waambie wote wa nyumbani, hasa wale wanaobaki mchana, na meni swichi iwe mahali mtoto wa darasa la tano anafikia bila kupanda ndoo.

Msimu wa mvua nao sishauri kabisa kuacha waya nje usiku kucha, huku kwetu kuanzia mwezi wa kumi na moja radi zinapiga utafikiri zinadai deni. Wingu likianza kunguruma chomoa upande wa nyumbani mapema kabla halijafika, vifaranga wafunikie wigo wao na magunia waache na joto lao.

Vifaranga wakishaota manyoya, shusha waya siku hiyo hiyo, usisubiri jumamosi. Anza kuchomoa upande wa nyumba, ndo ufuate bandani. Ufute na kitambaa kikavu huku unaupitisha vidoleni wote, polepole, ukitafuta meno ya panya na sehemu zilizolainika, palipoumwa pakate, usipafunge tepu. Mimi wa kwangu uko juu ya msumari nyuma ya mlango wa stoo, umekunjwa mizunguko mikubwa, na kwenye plagi nimefunga kitambaa chekundu ambacho mama mdogo anakijua maana yake ni hita hapana.